Rangi ya Chakula Haichangamani na Nta

SWALI: Ninatengeneza mishumaa nyumbani hapa Mafinga, lakini rangi ya chakula ninayotia hujikusanya chini kama vitone na mshumaa hubaki mweupe. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu msomaji, rangi ya chakula ya kawaida huyeyuka katika maji, nayo maji hayachangamani na nta, hata ukikoroga namna gani. Tafuta rangi ya mishumaa inayoyeyuka katika mafuta, uitie kidogo kidogo wakati nta imekwisha kuyeyuka ndani ya chombo kilichowekwa kwenye sufuria ya maji ya moto, na kamwe si juu ya jiko moja kwa moja, kwa kuwa mvuke wa nta iliyopata moto kupita kiasi huweza kulipuka moto. Kalamu za nta za watoto hatuzishauri hata kidogo, maana chembe za rangi yake huziba utambi. Kabla ya kumimina, dondoshea tone kwenye karatasi nyeupe na uliache ligande, ndipo utakapoona rangi iliyo karibu na ile ya mshumaa wenyewe. Ukitumia nta ya nyuki kutoka kwa warina asali, zingatia umanjano wake, kwani buluu ukiitia humo itaelekea kijani.