Kupima uandishi wa watoto kwa kongoo (mkusanyo wa maandishi unaochambuliwa kwa kompyuta), usikimbilie kuhesabu maneno

Mwalimu, umesema una insha za darasa la tatu mpaka la saba na unataka kujua watoto wanakuaje kiuandishi. Kwanza usisahihishe wakati wa kutaipu, weka faili moja vilevile mtoto alivyoandika, na "ana soma" yake na "kura" badala ya "kula", halafu nakala ya pili iliyonyooshwa, maana kompyuta haijui ni neno lilelile. Programu ya kuchambulia, AntConc, ni ya bure, inatosha kuanzia.

Sasa hapa ndo wengi wanajikwaa: wanagawanya idadi ya maneno tofauti kwa jumla ya maneno yote alafu wanafurahi, kumbe insha ikirefuka hiyo namba inashuka yenyewe, na kwa Kiswahili anasoma, walisoma, tutasoma yanahesabiwa matatu wakati kitenzi ni kimoja. Chukua maneno 100 ya kwanza kwa kila insha, na vitenzi vitafute kwa mzizi, kama -som-. Mi ningekomaa na viunganishi na maumbo mengine yanayounga sentensi, mdogo anakwenda na "halafu" mwanzo mwisho (kama mimi hapa), mkubwa unaanza kuona "ingawa", "ambaye", -nge-. Na barua usichanganye na hadithi, utadhani mtoto kakua kumbe aina ya maandishi tu ndo imebadilika.