Presha ya mama ilikuwa nzuri kliniki, ila usiku ilikuwa inapanda

Ndugu uliyeuliza kwa nini daktari amemwandikia baba yako wa miaka 71 kipimo cha kuvaa mashine ya presha kwa saa 24, ilhali kila akienda kliniki anaambiwa presha yake ni nzuri, nakujibu kwa yale niliyoyapitia na mama yangu hapa Tanga. Swali hilo niliwahi kuliuliza mimi mwenyewe, tena kwa hasira, nikidhani tunaongezewa gharama.

Mama alikuwa na miaka 74, ana kisukari cha siku nyingi, na kliniki presha yake haikuvuka 132/78. Kilichomtia daktari shaka ni kipimo cha eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, ambacho kilionesha kuwa ukuta wa chemba ya kushoto ya moyo umekuwa mnene, kama wa mtu ambaye presha yake haijawahi kutibiwa. Alituambia kwamba huenda moyo huo unabeba mzigo katika saa ambazo hakuna anayepima.

Mashine yenyewe ni mkanda wa mkononi uliounganishwa na kisanduku kidogo cha kiunoni. Mchana ulijijaza hewa kila baada ya dakika 20, usiku kila baada ya nusu saa, na mama alilalamika, kwa haki kabisa, kwamba unamkatiza usingizi. Mwandikie baba yako saa aliyolala na saa aliyoamka, kwa sababu hesabu ya usiku hutegemea usingizi wake hasa, si giza.

Kwa kawaida presha hushuka kwa asilimia 10 hadi 20 mtu anapolala. Wastani wa mama wa mchana, kwa namba ya juu, ulikuwa 134, kwa hiyo usiku ulitarajiwa kuwa kati ya 107 na 121. Ulikuwa 143. Kwa kipimo hiki, wastani wa usiku wa 120/70 au zaidi huhesabiwa kuwa presha ya juu, hata kama ule wa mchana uko chini ya 135/85, na namba za usiku ni bora kuliko namba za kliniki katika kubashiri kiharusi na moyo kushindwa kufanya kazi.

Sababu zake kwa wazee huwa zaidi ya moja. Kisukari huharibu neva zinazotuliza moyo na mishipa wakati wa usingizi. Figo zilizochoka hushindwa kutoa chumvi yote mchana, hivyo presha hubaki juu usiku ili kuisukuma itoke, na ndiyo maana wengi wao pia huamka mara kwa mara kwenda kukojoa. Kisha kuna kukoroma kunakoambatana na pumzi kukatika, jambo ambalo nyumbani kwetu tulilifanyia utani kwa miaka mingi bila kujua kwamba ni dalili.

Mimi nilikosea kwenye dawa. Baada ya kuona majibu, nilihamishia dawa zote usiku bila kumuuliza mtu, pamoja na ile ya kukojosha. Mama aliamka mara nne kwa usiku, na siku ya tatu alipata kizunguzungu akielekea kutawadha kwa ajili ya swala ya alfajiri. Alidakwa na mjukuu. Daktari alinieleza kwamba kwa mzee, presha kushuka kupita kiasi usiku nako kuna hatari, kwa kuwa ubongo hukosa damu ya kutosha. Alinitajia pia utafiti wa Uingereza uitwao TIME, wenye washiriki zaidi ya 21,000, uliotoa majibu mwaka 2022: kumeza dawa jioni badala ya asubuhi hakukupunguza mshtuko wa moyo, kiharusi wala vifo.

Kwa mama, dawa ya kukojosha ilirudishwa asubuhi, nyingine ikabadilishwa kwa inayofanya kazi saa 24 kamili, akaanza kulala ubavu kwa ajili ya kule kukoroma, na ng'onda, samaki wa kukaushwa kwa chumvi, ikaondoka mezani, ingawa juu ya hilo la mwisho tuligombana sana. Tulipopima tena baada ya miezi minne, wastani wa usiku ulikuwa 124/68. Bado uko juu kidogo, lakini daktari hakuongeza dawa, kwa sababu mama akisimama asubuhi presha yake hushuka hadi 108.