Gitaa Linapotea Ndani ya Bendi: Maswali Yenu Kuhusu Amplifaya za Geini Kubwa

Barua za safari hii zinahusu amplifaya za gitaa zenye geini kubwa (geini ni kiasi cha kukuza mawimbi ya gitaa), zile zinazotoa mkwaruzo mzito wa roki na metali. Tumezifupisha kidogo.

Assalam aleikum. Bendi yetu ina magitaa mawili, besi na ngoma. Nyumbani amplifaya yangu ya wati 15 inanguruma vizuri, lakini mazoezini silisikii gitaa langu hata nikifungulia mpaka mwisho. Nimeambiwa dawa yake ni amplifaya ya valvu (inayokuza sauti kwa taa za kioo), wati 100. Nianze kuweka pesa?
*Mpiga gitaa, Kisauni*

Waaleikum salaam. Anza kuweka pesa, lakini usiende dukani bado. Mazoezi yajayo, shusha nobu ya geini mpaka 5, ya besi (sauti za chini) mpaka 3 au 4, kisha pandisha ya midi (sauti za kati) ifike 7. Ukipiga peke yako sauti hiyo itakuudhi, utaiona kavu, ya puani. Mwambie mpiga ngoma aanze, ndipo utajisikia.

Sababu ni kwamba uzi mnene wa gitaa unaanzia hezi 82, wa besi hezi 41, na ngoma ya mguu nayo iko huko huko chini. Juu kumejaa matoazi. Gitaa linabakiwa na nafasi ya katikati, takriban hezi 400 hadi 2,000, na hiyo ndiyo wengi wanaikata wakiwa chumbani. Sauti ikiwa ndogo, sikio husikia besi na trebo (sauti za juu) kwa uhafifu, kwa hiyo mtu huziongeza na kuteremsha midi mpaka apendezwe. Mipangilio hiyo haifai kupelekwa kwenye bendi.

Geini nayo ina madhara yake. Mkwaruzo hutokea vilele vya mawimbi ya sauti vinapokatwa. Ukivikata mno, pigo la kwanza la pleki (kipande cha kuchapia nyuzi) na mvumo unaolifuata vinalingana nguvu, na ule mchapo wa kubana nyuzi kwa kiganja, ambao ndio roho ya metali, unageuka uji. Kwa magitaa mawili hali ni mbaya zaidi. Mnapopiga pamoja sauti inanenepa yenyewe, hivyo kila mmoja anahitaji geini ndogo kuliko anayoipenda akiwa peke yake.

Tuje kwenye wati. Kuziongeza mara mbili kunakupa desibeli 3 tu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Ili masikio yasikie sauti imekuwa maradufu unahitaji kama desibeli 10, yaani wati mara kumi. Basi kati ya wati 50 na wati 100 unalipia pesa nyingi na kilo nyingi kwa tofauti ndogo. Spika ndiyo yenye neno. Celestion Vintage 30 ya inchi 12 hutoa desibeli 100 kwa wati moja, ikipimwa umbali wa mita moja. Spika inayotoa desibeli 94 itataka wati mara nne ili ifike hapo, na vispika vidogo vya amplifaya za chumbani havifui dafu mbele ya ngoma.

Ikiwa baada ya kubadilisha mipangilio bado unamezwa, nunua ya valvu ya wati 50, au ya transista (isiyo na valvu) ya wati 100, yenye spika ya inchi 12, na zikiwa mbili ni bora zaidi. Tunaitaka ya transista iwe na wati nyingi kwa kuwa ikipita kiwango chake sauti hupasuka vibaya, ilhali valvu huzidiwa polepole na bado ikapendeza.

Kwa valvu, tafuta Peavey 6505, mrithi wa 5150 iliyotoka mwaka 1992, au EVH 5150III ya wati 50 yenye chaneli tatu. Mesa/Boogie Dual Rectifier ina besi pana inayolegea ukiiongezea geini. Weka pedali ya Ibanez Tube Screamer mbele yake, nobu ya draivu (mkwaruzo) kwenye 0 na ya leveli (kiwango cha sauti) juu, nayo itapunguza besi kabla haijafika kwenye geini na sauti itakaza. Kwa transista, Orange Super Crush 100 inatosha kabisa kwa bendi, na Boss Katana 100 ina swichi ya kuishusha mpaka nusu wati, hata usiku mtoto akiwa amelala unaweza kufanya mazoezi.

Dukani nenda na gitaa lako mwenyewe. Omba ifunguliwe kwa sauti ya bendi, bana uzi mnene kwa kiganja, kisha rudi nyuma mita 3 na uchuchumae, masikio yawe usawa wa spika. Trebo hutoka kwenye spika ikiwa imenyooka mbele. Anayesimama karibu na amplifaya iliyo sakafuni anasikilizisha magoti, halafu anaongeza trebo mpaka watu wa mbele wanaumia. Kwenye mazoezi iinue juu ya kreti au iegemeze ielekee usoni kwako.

Kaka yangu ameniletea kutoka Marekani amplifaya ya valvu ya wati 100. Nyuma imeandikwa 120V 60Hz. Nikinunua adapta ya plagi nichomeke tu?
*Msomaji, Mtwapa*

Usichomeke! Adapta hubadilisha umbo la miguu ya plagi, haigusi volti. Stima yetu ya Kenya ni volti 240, hezi 50. Ukibahatika fyuzi itakatika, na usipobahatika transfoma itaungua, nayo ndiyo kifaa ghali kuliko vyote humo ndani.

Tazama kwanza nyuma kama kuna swichi ya kuchagua volti. Kama haipo, mpelekee fundi wa valvu aangalie kama transfoma ina nyaya za 240. Zikiwepo atazihamisha na kubadilisha fyuzi, kwa sababu kwa volti mara mbili mkondo unakuwa nusu. Usiifungue mwenyewe: kapasita (vifaa vinavyohifadhi umeme) hubaki na volti mamia hata plagi ikiwa nje, na zinaua.

Njia nyingine ni transfoma ya kushusha volti. Wati 100 ni zile zinazoenda kwenye spika. Ukutani amplifaya hiyo inaweza kuvuta zaidi ya 300. Chukua ya VA 1,000 (VA ni kipimo cha uwezo wa transfoma, karibu sawa na wati), maana za sokoni nyingi hazifikii namba zilizoandikwa juu yake. Kisha chukua mita, pima kutoka bati la amplifaya mpaka mguu wa arthi wa plagi inayoingia ukutani. Transfoma nyingi za bei nafuu hukata arthi njiani, na amplifaya yenye hitilafu bila arthi humpiga mpigaji shoti kupitia nyuzi za gitaa.

Nina kichwa cha amplifaya (kisicho na spika ndani) chenye matundu ya spika ya omu (kipimo cha ukinzani) 4, 8 na 16, na makabati mawili ya omu 16 kila moja. Nitumie tundu lipi?
*Msomaji, Likoni*

Yakiunganishwa sambamba yanakuwa omu 8, basi fuata 8. Ukibeba moja tu, 16. Tumia waya wa spika. Waya wa gitaa ni mwembamba na unaweza kuungua. Na kichwa cha valvu kisiwashwe kamwe bila spika, kwani transfoma ya kutolea sauti inaweza kufa. Kama unavuka feri kila wiki, kabati la spika mbili litakufaa kuliko la nne, ambalo mara nyingi hupita kilo 35.

Tunapiga hotelini ufukweni. Amplifaya inavuma, inakwaruza, na mara nyingine sauti inazama yenyewe katikati ya wimbo. Valvu zimekwisha?
*Mpiga gitaa, Nyali*

Huenda hazina kosa. Sauti ikizama, chukua waya mfupi wa gitaa uunganishe tundu la kutuma efekti na la kurudisha (yale ya kuunganishia pedali za efekti), nyuma ya amplifaya. Sauti ikirudi, ugonjwa ni kutu kwenye vigusio vya tundu la kurudisha. Zima, chomoa stima, nyunyizia plagi ya ule waya mfupi dawa ya kusafishia vigusio (si mafuta ya bawaba) na uichomeke na kuichomoa kwenye tundu la kurudisha mara kadhaa. Hewa ya chumvi hula matundu haya haraka, hasa yasiyotumika, kwa hiyo rudia kila baada ya miezi michache.

Mvumo upime hivi: geuka taratibu na gitaa mkononi. Ukipungua upande fulani, pikapu (kinasa sauti cha gitaa) ya koili moja inanasa taa au transfoma iliyo karibu. Usipobadilika, chomoa waya wa gitaa. Ukiendelea, kosa limo ndani ya amplifaya au kwenye stima. Pedali ya kuzuia kelele isiwekwe mbele peke yake, kwani itanyamazisha gitaa na kuuacha mvumo wa amplifaya. Boss NS-2 ina matundu ya kuizungusha mpaka kwenye njia ya efekti, uitumie hivyo.

Mkimaliza, iacheni ipoe dakika 15 kabla ya kuibeba. Nyuzi za ndani ya valvu zikiwa za moto hukatika upesi kwa mtikiso wa tuktuk.