Kashata nzima, tairi limezeeka

SWALI: Hiace yangu nimeigeuza gari la kulala safarini. Hukaa juani Kigamboni miezi mingi, kisha tunaenda nayo Mikumi. Kashata za matairi bado ndefu. Niendelee nayo?

JIBU: Ndugu msomaji, kashata hazisemi umri. Tafuta ubavuni herufi DOT. Mwisho wake kuna tarakimu nne. 2317 ni wiki ya 23 ya mwaka 2017. Mara nyingi ziko upande mmoja tu, kwa hiyo usipoziona nje, ingia uvunguni na tochi. Tarakimu zikiwa tatu, tairi ni la kabla ya mwaka 2000. Litoe leo.

Raba ina nta inayoilinda, nayo hujitokeza tairi linapozunguka. Gari likisimama na uzito wa kitanda, jiko na tangi la maji, raba hukauka, jua huipasua. Osha ubavu, kisha kagua karibu na rimu na katikati ya kashata. Nyufa nyembamba kama unywele, zifuatilie. Ukucha ukizama, au ukiona uvimbe, badilisha: uvimbe maana yake nyuzi za ndani zimekatika.

Tairi likifika miaka 5, fundi alikague kila mwaka. 10 ndiyo mwisho kabisa. Kwa mzigo wako, sisi tusingevuka 7.

Upepo upime asubuhi kabla gari halijatembea. Spea usiisahau, maana ndiyo huwa kongwe kuliko yote. Na ukinunua mtumba, soma DOT kwanza, bei baadaye.