Maswali na majibu: kuwafunza watu wa usalama udhibiti wa mauzo ya nje

SWALI: Nasimamia usalama katika kampuni iliyoko Marekani. Kila mwaka wafanyakazi wote hupata mhadhara wa saa mbili kuhusu sheria za kutoa bidhaa nchini. Hata hivyo, fundi wetu amesafiri na kamera ya joto bila kumwuliza mtu. Tunakosea wapi?

JIBU: Mnafundisha sheria, kazi yenyewe hamuigusi. Fundi akisikia "kuuza nje" huwaza kontena bandarini, hajifikirii yeye mwenyewe na begi lake. Kisheria, begi la mkononi ni usafirishaji, sawa na mchoro uliotumwa kwa barua pepe. Hata kumfunulia raia wa kigeni teknolojia inayodhibitiwa, mkiwa ofisini humohumo Marekani, huhesabiwa kuwa mmeipeleka nchini kwake. Mwenye ukaazi wa kudumu wa Marekani hahesabiwi mgeni.

Basi anzeni ghalani. Kila fundi ashike kifaa anachokitumia na atafute namba yake ya uainishaji, yaani ile inayoonyesha kinadhibitiwa na kanuni ipi. Vifaa vingi viko chini ya kanuni za EAR za Wizara ya Biashara. Vingi vya kijeshi viko chini ya kanuni za ITAR, za Wizara ya Mambo ya Nje. Tofauti ndogo hubadilisha kila kitu. Kamera ya joto isiyozidi picha 9 kwa sekunde huwa na masharti mepesi kuliko yenye kasi zaidi. Fulana ya kuzuia risasi yenye kinga ya daraja la III iko EAR, ya daraja la IV iko ITAR. Kwa macho hutazitofautisha, kwa hiyo bandikeni namba kwenye kifaa chenyewe.

Kisha wafanye zoezi la safari. EAR ina msamaha wa leseni uitwao TMP kwa vitendea kazi, lakini si kwa kila kifaa wala kila nchi. Kifaa kirudi ndani ya mwaka 1, na muda wote kiwe mikononi mwa msafiri au kifungiwe mahali salama, kama sefu ya hoteli. Wengi huharibu hapa: wanamwachia mteja kifaa "kwa wiki moja tu", na msamaha unakufa papo hapo.

SWALI: Wachunguzi wetu wa mitandao wakigundua udhaifu katika programu ya kampuni ya nje, wanahitaji leseni ili kuiarifu?

JIBU: Kwa kawaida hapana, na tunasisitiza jambo hili kwa sababu woga umewanyamazisha watu wasiostahili kunyamaza. Mapatano ya Wassenaar, ambayo nchi nyingi huyatumia kupatana bidhaa za kudhibiti, yaliingiza zana za udukuzi katika orodha yake mwaka 2013. Baadaye teknolojia inayotolewa ili kufichua udhaifu au kukabiliana na shambulio iliondolewa kwenye udhibiti huo. Kanuni ya Marekani kuhusu zana hizo ilianza kutumika tarehe 7 Machi 2022, pamoja na msamaha wa leseni uitwao ACE.

Ripoti ni kitu kimoja, programu inayoendesha shambulio ni kingine. Hiyo haifunikwi na unafuu wa ripoti: itafutieni msamaha au leseni. Na ACE haifanyi kazi pale mnapojua kwamba zana itatumika bila idhini ya mwenye mfumo.

SWALI: Kumbukumbu tuzitunze muda gani?

JIBU: Miaka 5 kwa EAR na ITAR, pamoja na karatasi za safari. Kumbukumbu za vikwazo vya Wizara ya Fedha, yakiwemo matokeo ya kukagua majina ya wateja kwenye orodha yake ya waliozuiwa, ni miaka 10 tangu Machi 2025.