Maswali ya Wasomaji: Umefika Sura ya Ngapi?

Kundi letu la WhatsApp lina watu 14. Kila Jumapili jioni kila mmoja anaandika ukurasa aliofikia. Mmoja akisema yuko ukurasa wa 120, mwingine anaufungua wa kwake anakuta mambo aliyoyasoma juzi. Tunakosea wapi?
*Msomaji, Morogoro*

Chapa zenu hazifanani. Kitabu kikipigwa chapa upya kwa herufi kubwa kidogo, au kwenye karatasi ya kipimo kingine, maneno hubaki yaleyale lakini kurasa husogea. Anayesomea kwenye simu ndiye mgumu zaidi kumfuata: akikuza herufi tu, ukurasa wa 120 umeshakuwa wa 160.

Kwa hiyo ripoti ya wiki itaje sura, kisha tukio la mwisho ulilolisoma. "Sura ya 7, mzee ameshauza mashua" inaeleweka kwa kila mtu, awe na nakala mpya au ile iliyochakaa ya maktaba. Chini yake ongeza jambo moja lililokugusa au kukukera, halafu swali moja kwa wenzako. Mistari mitatu inatosha. Kwa ujumbe wa sauti wekeni kikomo cha dakika moja na nusu, na msemaji aanze kwa kutaja sura, ili ambaye hajaifikia azime mapema. Watu 14 wakituma dakika tano kila mmoja, hizo ni dakika 70, na hakuna atakayesikiliza zote. Na bando je?

Namba za kurasa zibakie kwenye kupanga ratiba. Soma dakika 15 kwa mwendo wako wa kawaida, uhesabu kurasa. Ukipata 8, basi kitabu cha kurasa 240 kinakudai vipindi 30 vya namna hiyo: siku sita kwa wiki, wiki tano. Kundi likubaliane kwa mwendo wa msomaji wa katikati. Mkimfuata mwenye kasi, kufikia wiki ya tatu nusu ya kundi itakuwa kimya. Baada ya hapo ongezeni wiki moja ya akiba, maana misiba, mitihani na mwisho wa mwezi haviombi ruhusa.

Sisi wa Unguja tunasoma *Peponi*, jamaa zetu walioko Muscat wana *Paradise* ya Kiingereza. Tunaweza kwenda pamoja?
*Msomaji, Unguja*

Mnaweza, na mtafaidi kuliko kundi lenye nakala za aina moja. Riwaya hiyo ya Abdulrazak Gurnah ilitoka 1994, na tafsiri ya Ida Hadjivayanis ikatoka 2022. Ina sura kuu sita, kila moja na jina lake. Ni ndefu, hivyo msijibebeshe sura nzima kwa wiki. Zimegawanywa ndani kwa namba, na namba hizo ndizo za kupangia vituo vya kila Jumapili.

Kila wiki chagueni neno moja mlilinganishe. Anzeni na hili, ambalo halimharibii mtu uhondo kwa kuwa liko mwanzoni. Yusuf anaondoka kwao akiwa katika mwaka wake wa 12, anafuatana na tajiri Aziz. Kwa Kiingereza anamwita "Uncle". Kiingereza hakisemi kama huyo ni ami au mjomba, lakini Kiswahili lazima kichague. Mwenye *Peponi* asome sentensi yake kwa sauti, mwenye *Paradise* ya kwake, kisha mjadili uchaguzi wa mfasiri umewapa picha gani ya ukoo. Baadaye Khalil, kijana wa dukani kwa Aziz, anamkanya Yusuf kuwa yule si mjomba wake hata kidogo. Rudini hapo kwenye lile neno la kwanza, muone kama uzito wake ni uleule.

Kuna mwenzetu anayemaliza kitabu siku tatu, kisha anatueleza nani alikufa. Tumfanyeje?
*Msomaji, Eldoret*

Msimfukuze. Msomaji wa kasi ni mali, ila apewe pa kuyamwaga anayoyajua. Kanuni ni moja: kwenye kundi kuu hakuna anayetaja lolote lililo mbele ya kituo cha wiki, hata kwa fumbo. "Subirini mfike sura ya 9, mtalia" nayo ni kuvujisha, kwa sababu kuanzia hapo kila mtu anasoma akiwinda msiba.

Waliomaliza wafungue kundi lao dogo. Kama mko Telegram, maneno yanaweza kufunikwa: unayachagua, unaweka kifuniko, na hayasomeki mpaka mtu ayaguse. WhatsApp haina kifuniko hicho. Andika kwanza "TAHADHARI: SURA YA 9", acha mistari mitupu ya kutosha, ndipo uendelee, ili maneno yenyewe yabaki nyuma ya "Soma zaidi". Mistari miwili mitatu haitoshi, ujumbe utaonekana wote.

Kujua nani yuko wapi, admini aweke kura badala ya kuuliza mmoja mmoja. Kura ya WhatsApp inabeba majibu 12 tu, basi kitabu cha sura 20 kiunganishwe mbilimbili. Zima sehemu inayoruhusu kuchagua zaidi ya jibu moja, la sivyo mtu atajibu sura zote alizopita. Na majina ya waliopiga kura yanaonekana. Wengine watadanganya kwa haya, kwa hiyo jibu la kwanza kwenye orodha liwe "Sijafungua kitabu wiki hii", na admini mwenyewe asione aibu kulichagua.

Maoni yetu ni "kitabu kizuri" au "kinachosha", basi. Tunaendaje mbele?
*Msomaji, Bukoba*

Mtakeni kila mtoa maoni aonyeshe mahali. "Kinachosha" ni hukumu isiyo na ushahidi. Tazama inavyobadilika: "Sura ya 4 imenichosha. Harusi imeelezwa kurasa tisa, kila mgeni na nguo yake, na bibi harusi hajasema neno." Sasa kuna la kubishania. Atatokea mtu aseme kimya cha bibi harusi ndicho kilichokusudiwa, mwingine ahesabu wageni. Wote wawili watalazimika kuifungua tena sura ya 4.

Nyota tano nazo zitumieni kwa uangalifu. Mkizitoa kila wiki, mnapima mwandishi kabla hajamaliza kusema. Subirini mwisho, na anayetoa nyota mbili aeleze kwa sentensi moja kilichomnyima ya tatu.

Nakala moja ni ghali. Tukipiga picha kitabu kizima tukakigawa kundini, kuna ubaya?
*Msomaji, Kigoma*

Upo, na ni kosa kisheria: ni kukitoa nakala kitabu cha mtu bila idhini yake. Picha ya aya mnayoijadili ni jambo jingine. Changeni, watu wawili nakala moja: wa kwanza Jumatatu hadi Jumatano, wa pili Alhamisi hadi Jumamosi, Jumapili kitabu kiwe mezani. Katika wiki inayofuata mbadilishane zamu, maana anayepata mwisho wa wiki ndiye mwenye muda.