Waya wa umeme kwenye banda la kuku

Mwanangu Elia,

Ujumbe wako niliupata jana usiku, nikausoma mara mbili kabla ya kumsomea mama yako. Kuku arobaini kwa usiku mmoja, na ni mara ya tatu tangu Pasaka. Hasira yako naielewa. Unasema fundi yuko tayari kuvuta waya kutoka kwenye mita auzungushe bandani, halafu unaniuliza: "Baba, mwizi akinasa akafa, nitafungwa?"

Utafungwa. Naanza na hilo kwa kuwa hupendi kuzungushwa.

Sheria haijamwacha mwenye mali mikono mitupu. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 18A, inakupa haki ya kujitetea wewe, kumtetea mwenzako, hata kutetea mali. Lakini kifungu kinachofuata kinataka nguvu ya kadiri. Ukizidisha na mtu akafa, hiyo ni kuua bila kukusudia, na adhabu yake yaweza kufika kifungo cha maisha. Yapo mazingira ambayo sheria inavumilia hata kifo, mathalani umevamiwa na majambazi, ukaamini kwa dhati na kwa sababu za msingi kwamba huna namna nyingine. Shika neno hilo, ukaamini. Anayeamini ni mtu aliye macho, anayemwona aliye mbele yake. Wewe utakuwa umelala. Tena ukitega umeme ukijua kabisa unaua, mwendesha mashtaka anaweza kudai umekusudia, na huko adhabu ni kunyongwa.

Nilipokuwa karani wa mahakama, hakimu mmoja alitusimulia kesi ya Marekani, Katko dhidi ya Briney. Mkulima wa Iowa alichoka kuibiwa kwenye nyumba yake ya shamba isiyokaliwa na mtu. Mwaka 1967 akafunga bunduki kitandani, akaiunganisha kwa waya na mlango. Aliyefungua alikuja kuokota chupa na mitungi ya zamani. Risasi ikamvunja mguu. Mwaka 1971 mahakama kuu ya jimbo ikakubali kwamba mwizi yule alipwe dola 30,000, na mkulima akauza ekari 80. Tulicheka sana siku ile, mwizi kulipwa! Hakimu hakucheka. Alisema usichoruhusiwa kukifanya kwa mkono wako, huwezi kukituma kitu kingine kikufanyie.

Mama yako naye amefungua Kutoka 22. Mwizi akipatikana akivunja nyumba akapigwa akafa, hapana hatia ya damu. Bali jua likiwa limekwisha kumchomozea, hatia ipo. Haya, waya wako utajuaje kama jua limechomoza? Utamjuaje yule mtoto wa jirani anayekuja kuchukua mayai?

Umesema pia vibaka wanachomwa moto kila siku na hakuna anayekamatwa. Wapo wanaokamatwa, ila mara nyingi shahidi hapatikani, maana kila aliyeona alikuwa na jiwe. Mimi nililishika langu. Ulikuwa hujazaliwa. Kijana aliiba baiskeli sokoni, na aliiba kweli, tulimkuta nayo. Jiwe sikulitupa, lakini sikuliweka chini pia, na hakuna niliyemwambia "mwacheni". Alikuwa akimwita mama yake. Baiskeli ile ilikuwa haina hata breki.

Mwambie fundi arudishe waya wake, na kama umeshamlipa kishika uchumba, mwachie. Hamishia banda karibu na dirisha lako, weka taa, badilisha bawaba, maana kwa picha uliyotuma mwizi hahangaiki na kufuli, anang'oa mlango mzima. Ripoti polisi hata kama wanakuchosha. Mbwa wa baba yako mdogo amezaa sita. Nimekuwekea mmoja, dume, mweusi, anabweka kuliko umri wake. Jumamosi nampakia kwenye basi la asubuhi. Uwe stendi mapema.

Baba yako